Chemsha Bongo Yetu Iulize "Kwa Nini?"

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Hakuna mchezo unaojaza ukumbi wetu Jumamosi usiku kama chemsha bongo. Kila bweni huleta wachezaji wanne, kengele huwekwa mezani, na maswali huja ya kila namna: jiografia, historia, sayansi, lugha na michezo. Faida zake ni nyingi, wala sina nia ya kuzikana. Mwanafunzi wa sayansi hupata sababu ya kufungua atlasi, na mwenzake wa historia hujifunza jinsi damu inavyozunguka mwilini. Juma lile la kabla ya mashindano, maktaba hukosa viti. Kwa sisi wa bweni tusioruhusiwa simu, jambo hilo si dogo.

Hata hivyo, mchezo huu mzuri una kasoro mbili. Zisipoondolewa, twaweza kuwafundisha wadogo zetu kuiamini kadi kuliko kweli.

Kasoro ya kwanza ni majibu yaliyopitwa na wakati. Maswali mengi hunakiliwa kutoka madaftari ya miaka ya nyuma, wala hapana anayetazama kama majibu yangali sahihi. Muhula uliopita iliulizwa, "Tanzania ina mikoa mingapi?" Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza akajibu kuwa ni 31. Kadi ilisema 30. Akanyimwa alama, na ukumbi mzima ukamzomea. Je, nani alikuwa na haki? Mwaka 2002 ulipoundwa Mkoa wa Manyara, mikoa ilifika 26. Mwaka 2012 ikaongezwa Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, ikawa 30. Mwaka 2016 Songwe ikatengwa na Mbeya, ikawa 31. Basi jibu la kadi lilikuwa sahihi lilipoandikwa, lakini siku ile halikuwa sahihi tena. Aliyekuwa amesoma ndiye aliyezomewa, na tangu siku hiyo hajakubali kuketi tena mezani kwa niaba ya bweni lake.

Swali hilo si la peke yake. Mkataba wa mwaka 1999 uliofufua Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi na nchi tatu. Rwanda na Burundi zikaingia mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024, hata zikawa nane. Nayo Pluto, iliyohesabiwa kuwa sayari ya tisa tangu ilipoonekana mwaka 1930, iliondolewa katika hesabu hiyo na wataalamu wa nyota mwaka 2006. Daftari la zamani halijui mambo hayo.

Kasoro ya pili ni kuridhika na neno moja. Huulizwa, "Ni ziwa gani lenye kina kirefu kuliko yote katika Afrika?" Kengele hulia, mtu husema "Tanganyika," na makofi hupigwa. Ni sawa. Lakini kwa nini Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na Ziwa Victoria, lililo pana zaidi, lina kina cha mita 80 hivi tu? Sababu ni kwamba Tanganyika imelala ndani ya Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi ilipasuka na kudidimia. Victoria imelala katika bonde la kina kifupi, katikati ya mikono miwili ya Bonde hilo. Mwenye kuielewa sababu hii aweza pia kueleza kwa nini Ziwa Nyasa ni refu, jembamba, na lenye kina kirefu. Aliyekariri jina tu hawezi.

Tena liko swali hili: "Nani aliyevumbua Ziwa Victoria?" Kadi husema John Hanning Speke, mwaka 1858. Ni kweli Speke alifika upande wa Mwanza mwaka huo, akalipa ziwa jina la malkia wa Uingereza. Lakini wenyeji walikuwa wakivua samaki humo tangu zamani, nao walikuwa na jina lao, Nyanza. Habari za ziwa hilo Speke alizipata Kaze, karibu na Tabora ya leo, kwa wafanyabiashara wa Kiarabu, na katika safari yake alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao, aliyemsaidia kama mkalimani. Swali likiulizwa vibaya, watu hao wote husahauliwa.

Labda mtu atasema kwamba huu ni mchezo tu, na sababu ni kazi ya darasani. Namjibu kwamba tunayojifunza kwa furaha ndiyo tunayokaa nayo. Mwingine atasema kwamba majibu marefu huleta ubishi. Hilo nalikubali, kwa hiyo siombi maswali mafupi yafutwe. Naomba mambo matatu tu.

Kwanza, kila kadi iandikwe jibu limetoka kitabu gani au gazeti gani, na la mwaka gani. Kadi isiyo na mwaka isisomwe.

Pili, katika kila maswali 20, matano yawe ya "kwa nini." Mchezaji apewe dakika moja ya kueleza, na mwalimu wa somo ndiye aamue.

Tatu, mchezaji anayeona kadi imekosea aruhusiwe kusema bila kuzomewa. Jambo hilo likatazamwe maktaba, na akiwa na haki, arudishiwe alama yake mstarini Jumatatu, mbele ya shule nzima.

Walimu wetu, twawaomba mtusaidie kuzipitia kadi hizi. Nanyi wazazi mtusomao, likizoni mtoto akiwauliza kwa nini, msimwone mtundu, kwani wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sisi wa Kidato cha Nne tutaondoka baada ya mtihani wa taifa, lakini madaftari ya maswali yatabaki mikononi mwa wadogo zetu. Yafaa tuyasahihishe kabla hatujaondoka.