NYUMBANI KWETU: Mama na Binti Katika Mbio Moja

Kambini baiskeli twaijua kuwa chombo cha kwendea zamu na kuletea kuni. Juma hili twaitazama kama chombo cha ubingwa. Tumemchagua mama mmoja wa Uingereza, Beryl Burton, kwa kuwa habari yake yaihusu nyumba kama yahusuvyo mbio.

Bibi huyu alizaliwa mjini Leeds mwaka 1937. Alipokuwa msichana alishikwa na homa ya baridi yabisi, akalazwa hospitali miezi mingi, na madaktari wakamwonya asijichoshe. Mumewe Charlie, waliyeoana mwaka 1955, ndiye aliyemtia katika mchezo huu. Mwaka uliofuata walipata binti, Denise. Haukupita muda mrefu mke akampita mume kwa mwendo. Charlie hakununa. Alishika spana, akawa fundi wa mkewe, akamsafirisha mashindanoni na kumwangalia mtoto.

Beryl hakukimbia kwa mshahara hata siku moja. Alifanya kazi ya jembe katika shamba la mboga, kisha akafanya mazoezi. Hata hivyo alikuwa bingwa wa dunia mara 7: barabarani mwaka 1960 na 1967, na uwanjani, katika mbio za kufukuzana, ambazo wawili huanza pande mbili zinazokabiliana, mwaka 1959, 1960, 1962, 1963 na 1966. Nchini kwake alishika cheo cha mwendeshaji bora wa kike miaka 25 mfululizo, tangu 1959 hadi 1983. Medali ya Olimpiki hakuipata, kwani mbio za baiskeli za wanawake ziliingizwa huko mwaka 1984, naye alikwisha timiza miaka 47.

Septemba 1967 yalifanyika mashindano ya saa 12. Wanaume walitangulia kuondoka, na wa mwisho wao alikuwa Mike McNamara, aliyekuwa njiani kuvunja rekodi ya wanaume. Beryl alimfuata nyuma siku nzima, hata akamfikia. Alipompita alimpa peremende, naye akaipokea kwa shukrani. Jioni McNamara alikuwa ameendesha kilometa 445, Beryl 446. Rekodi yake kwa wanawake ilidumu miaka 50.

Lakini mama huyu, aliyempa mwanamume peremende kwa furaha, alipata mtihani mgumu zaidi ndani ya nyumba yake. Denise alikua, akapanda baiskeli kama wazazi wake, na mwaka 1975 akapata medali ya shaba katika mbio za dunia. Mwaka 1976, katika mbio za ubingwa wa taifa barabarani, aliufikia mstari mbele ya mama yake. Walipopanda jukwaani, mama alikataa kumpa mkono.

Tusimhukumu upesi. Moyo uleule usiokubali kushindwa ndio uliomwondoa kitandani na kumfikisha kwenye ubingwa. Ila moyo huo wapasa kujua mahali pa kukoma. Ukivuka mstari wa mwisho ukaingia mlangoni pamoja nasi, humjeruhi mtu tuliyemlea wenyewe. Beryl alilitambua hilo, na baadaye aliandika kitabuni mwake kuwa hakufanya vema.

Mwaka 1982 wawili hao walipanda baiskeli moja ya watu wawili, wakaenda maili 10 kwa dakika 21 na sekunde 25, wakaweka rekodi ya wanawake wa Uingereza. Beryl alifariki mwezi Mei 1996, siku chache kabla ya kutimiza miaka 59, akiwa juu ya baiskeli, akipeleka kadi za kuwaalika watu katika siku yake ya kuzaliwa.

Nanyi akina baba na mama ambao wana wenu wamevaa sare kama yenu: siku kijana atakapopata cheo kuliko mzazi, mzazi na awe wa kwanza kunyosha mkono. Mtoto akishinda, malezi yameshinda.