Kalamu Nyekundu Isubiri Kwanza

Wenzangu wa Elimu mnaojiandaa kwenda TP, naomba niungame kosa nililofanya mwaka jana.

Nilipewa Kiingereza, Kidato cha Pili. Nikawaambia waandike insha kuhusu likizo. Madaftari 60 na kitu, likizo moja: wote walipanda basi, wakamtembelea bibi, wakala wali kwa kuku, wakafurahi sana. Binti mmoja tu aliandika la kwake: mbuzi wa bibi yake aliuzwa ili yeye apate sare ya shule, naye akajificha asimwone akifungwa kamba. Kiingereza chake kilikuwa kimevunjika kila mstari. Nikachukua kalamu nyekundu, nikahesabu makosa 23, nikampa 4 kwa 10. Wiki iliyofuata na yeye alipanda basi, akala wali kwa kuku. Hakukosea hata neno moja.

Halafu tunasema ati wanafunzi wa shule za kata hawana ubunifu! Jamani, wanao. Wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakafika sekondari karibu kila somo likageuka Kiingereza. Mtu anayeogopa kuchekwa atanakili tu.

Wiki mbili za mwisho nilibadilisha utaratibu. Ukikwama, andika neno kwa Kiswahili, tutalitafutia Kiingereza chake pamoja. Rasimu ya kwanza sisahihishi; pembeni nauliza swali moja tu: kisha ikawaje? Rasimu ya pili tunarekebisha makosa matatu, basi. Waliokuwa wakiandika mistari mitano wakaanza kuomba karatasi ya ziada.

Najua mtasema mtihani wa taifa haumjui mbuzi. Sawa, sarufi lazima tuifundishe. Ila huwezi kunyoosha sentensi ambayo mtoto ameogopa kuiandika. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, anaandika riwaya kwa Kiingereza, na maneno ya Kiswahili yamo humohumo. Mbona sisi tunayakata kwa wino mwekundu?

Yule binti sikuwahi kumwomba radhi. TP iliisha, nikarudi chuo. Nyie bado mna nafasi. Mkikutana na mbuzi kwenye daftari la mtu, muulizeni kwanza alikuwa anaitwa nani.