Siri ikae kwenye ufunguo
Julius Caesar alificha barua zake kwa kusogeza kila herufi nafasi tatu mbele. Kwa herufi 26 za leo, KESHO inakuwa NHVKR. Hapo kuna vitu vitatu: ujumbe, mbinu ya kuuficha, na ufunguo, ambao hapa ni namba 3. Adui akishaijua mbinu, funguo za kujaribu ni 25 tu, kazi ya muda mfupi kwa kalamu na karatasi. Ndiyo maana namuunga mkono Auguste Kerckhoffs, aliyeandika huko Ufaransa mwaka 1883 kwamba mbinu hata ikiangukia mikononi mwa adui isilete madhara. Cha kulindwa ni ufunguo. Kampuni inayojisifu kuwa programu yake ni salama kwa sababu hakuna ajuaye inavyofanya kazi, mimi siikabidhi hata namba yangu ya simu.