DAKTARI WA UPASUAJI NAYE NI MFANYA KAZI



Sheria ya trafiki ya Kenya, tangu iliporekebishwa mwaka 2012, yakataza dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa 8 katika muda wa saa 24. Sababu yake kila mtu aijua: dereva mwenye usingizi huua watu. Basi twauliza, yule ashikaye kisu juu ya tumbo la mwenzetu, je, yeye mwili wake ni wa chuma?

Wako madaktari wa upasuaji waingiao kazini asubuhi, wakapasua mchana kutwa, wakaitwa usiku kwa mama aliyeshindwa kujifungua au mtu aliyegongwa na gari, na kukipambazuka wapo tena mezani. Uchovu wa siku moja huondoka kwa usingizi. Huu tuusemao ni mwingine, nao hukusanyika mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitaja dalili zake tatu: nguvu kumwishia mtu, moyo wake kujitenga na kazi, na kuona kazi yake haifai kitu. Shirika hilo halikuuita ugonjwa. Lilisema ni jambo litokanalo na taabu ya kazini isiyotengenezwa. Kwa hiyo wakubwa wasituambie kwamba daktari huyo ni mlegevu, ama apewe semina ya uvumilivu kisha arudishwe kwenye zamu ile ile.

Tazameni yaliyotokea New York. Mwaka 1984 msichana wa miaka 18, Libby Zion, alifariki hospitalini. Hakuwa mgonjwa wa kupasuliwa, lakini waliomtunza usiku ule walikuwa madaktari vijana wenye zamu ndefu na wagonjwa wengi. Mwaka 1986 baraza la raia lililochunguza kifo hicho halikumshtaki daktari yeyote kwa jinai. Lilishutumu mpango wa kazi wenyewe. Mwaka 1989 jimbo hilo liliweka mpaka kwa madaktari walio mafunzoni: saa 80 kwa juma, na si zaidi ya saa 24 mfululizo. Mwaka 2003 mpaka wa saa 80 ulienea Marekani nzima. Saa 80 bado ni nyingi mno, lakini mpaka ulipatikana.

Wengine watasema, "Saa zikipunguzwa, nani atawapasua wagonjwa?" Swali hilo ni la haki. Hatusemi daktari aweke kisu chini mgonjwa akiwa wazi mezani. Twasema watu waongezwe. Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma siku 56, na jambo kubwa lilikuwa madaktari vijana waliohitimu: kupelekwa kazini na malipo yao. Kijana akikaa nyumbani na shahada yake, kazi yake humwangukia aliyeko wodini.

Kwa hiyo yafaa tudai haya:

1. Saa za kazi ziandikwe katika mapatano, na usiku wa kuitwa uhesabiwe.

2. Aliyepasua usiku kucha asipangiwe kupasua asubuhi.

3. Nafasi zilizo wazi zijazwe, za madaktari, wauguzi na watoa dawa ya usingizi.

4. Asemaye "nimechoka, sifai kupasua leo" asiadhibiwe, na asikilizwe kwa siri akihitaji msaada.

Lakini tukumbuke, sahihi peke yake haitoshi. Mapatano ya madaktari yalitiwa sahihi mwaka 2013, na bado iliwabidi wagome siku 100, tangu Desemba 2016 hata Machi 2017, wakidai yafuatwe. Mapatano yasiyolindwa na wanachama ni karatasi tu.

Ndugu wa bandarini, wa reli, wa mashambani, msiseme haya ni ya madaktari. Siku moja utalala juu ya meza ile wewe, au mke wako, au mtoto wako. Saa za kupumzika za daktari ni uhai wako.

Umoja ni nguvu.