Mtoto wa Njombe afundishwe kuikagua mizani

MSIMU wa mavuno ya viazi mviringo unapofika, malori huongezeka katika barabara ya Njombe hadi Makambako. Kilometa takriban 60 hizo ni njia kuu ya mazao ya eneo hilo kwenda sokoni, kwa kuwa Makambako ndipo barabara ya kutoka Songea inapokutana na ile ya Dar es Salaam na Tunduma, na ndipo ilipo stesheni ya reli ya TAZARA.

Ndani ya malori hayo, kwa miaka mingi, yamesafiri magunia yaliyovishwa kilemba, maarufu kwa jina la lumbesa. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, umefanya ukaguzi na kutoa elimu, na viongozi wa ngazi mbalimbali wamekemea. Lumbesa imekuwa ikiondoka na kurudi kama homa ya vipindi.

Sababu moja haizungumzwi sana. Wauzaji wengi na wanunuzi wengi wamemaliza shule bila kushika mizani kwa mikono yao. Wamefundishwa kwamba kilo moja ni gramu 1,000, wakajibu mtihani, wakafaulu. Mbele ya dalali, elimu hiyo haina meno.

Hapo ndipo shule ya msingi inapoingia. Watoto wa Kata ya Ramadhani mjini Njombe, na wenzao wa Makambako, wanaweza kutengeneza vifaa vya kupimia kwa vitu vinavyotupwa kila siku. Jambo la lazima ni kwamba wakishatengeneza, wavijaribu kuona kama vinasema kweli.

Mizani ni mfano mzuri. Inahitaji fimbo iliyonyooka ya meta moja, kamba, na makopo mawili ya rangi ya lita 4, yale yanayoitwa sado sokoni. Fimbo inaning'inizwa kwa kamba katikati, na kila ncha inabeba kopo. Jiwe la kupimia si lazima linunuliwe, kwa sababu lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Chupa ya maji ya lita moja na nusu inatosha, mradi chupa tupu ya aina hiyo hiyo iwekwe upande wa pili ili uzito wa plastiki usihesabiwe.

Fimbo tupu ikiinama upande mmoja, mtoto huongeza kijiwe upande ulio mwepesi mpaka isimame sawa. Wengi wangeishia hapo na kusema mizani iko tayari. Kumbe bado.

Ikiwa kamba imefungwa sentimita moja tu nje ya katikati, mkono mmoja wa fimbo utakuwa na sentimita 51 na mwingine 49. Kijiwe kitaifanya mizani tupu isimame sawa, lakini ikipakiwa itadanganya. Kwa hesabu hiyo, mzigo wa kilo 100 ukiwekwa upande wa mkono mfupi utasomeka kilo 96. Kilo nne zimeyeyuka, na hakuna aliyeziona zikiondoka.

Njia ya kuikamata mizani ya namna hiyo ni rahisi. Viazi na maji vibadilishane makopo. Mizani ya kweli itabaki imesimama sawa, na ya uongo itainama. Mtoto wa darasa la tano aliyefanya jaribio hilo mara moja hatalisahau, na akikua hataridhika kuambiwa tu kwamba "mizani iko sawa, mzee".

Mizani hiyo hiyo inaweza kuifunua lumbesa. Watoto wapime sado ya viazi iliyosawazishwa, kisha wapime sado iliyorundikwa hadi juu. Tofauti waiandike ubaoni, waizidishe kwa idadi ya sado zinazouzwa kwa siku, kisha kwa bei ya kilo. Hapo hesabu, sayansi na biashara vitakuwa vimekutana katika kipindi kimoja.

Kipimo cha mvua nacho hakina gharama. Chupa ya plastiki yenye kuta zilizonyooka hukatwa juu, kichwa chake kikageuzwa kuwa mrija wa kupokelea maji. Chini huwekwa kokoto na maji kidogo hadi mstari wa sifuri, na rula hubandikwa ubavuni. Kukijaribu kunahitaji bomba la sindano lisilo na sindano, jipya kutoka duka la dawa. Chupa yenye kipenyo cha sentimita 9 ikimiminiwa mililita 64, maji yapande milimita 10. Yasipopanda hivyo, kifaa kitafutwe kosa lake.

Kwa mkulima, milimita 10 za mvua si jambo dogo. Katika ekari moja ni zaidi ya lita 40,000 za maji. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa maeneo mapana, lakini katika nchi ya vilima mvua inaweza kunyesha bonde hili na kuliruka lile. Daftari la mvua la shule, likiandikwa kila asubuhi kuanzia Novemba, laweza kumsaidia mzazi kuamua siku ya kupanda na siku ya kupulizia viazi dawa ya ukungu.

Wapo watakaosema kuwa huo ni mchezo wa watoto, na kwamba shule zinahitaji maabara. Ni kweli zinahitaji. Agizo la Rais Jakaya Kikwete la kila sekondari ya kata kuwa na maabara tatu liliwafanya wananchi wachangie ujenzi kwa jasho lao, hasa mwaka 2014 na 2015. Lakini jengo peke yake halimfundishi mtoto kuuliza. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 inasisitiza ujuzi wa vitendo, na vitendo vyaweza kuanza chini ya mti.

Historia ya nchi inatoa ushahidi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba huko Lushoto, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yale yaliyopozwa alipokuwa akitengeneza aiskrimu. Aliambiwa amechanganyikiwa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Profesa Denis Osborne, wenzake wakamcheka. Osborne alikubali lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha matokeo. Wanasayansi wanabishana juu yake hadi leo, na chanzo chake kilikuwa maziwa na jokofu la shule.

Tahadhari moja ni ya lazima. Mizani ya fimbo ni ya darasani tu, na asitokee mtu akaipeleka gulioni. Mizani ya biashara ni ile iliyohakikiwa na kupigwa chapa na Wakala wa Vipimo.

Ofisi ya wakala huo ingefanya jambo la maana kama ingemtuma ofisa wake shuleni siku moja kwa muhula, na mawe yake ya kupimia, ili watoto walinganishe kazi yao na kipimo halali. Kamati za shule nazo ziombe wazazi chupa, makopo na kamba badala ya michango ya fedha. Walimu wakuu watenge nusu saa kwa wiki.

Faini na vizuizi vya barabarani viendelee. Lakini dalali hawezi kumdhulumu kirahisi mkulima ambaye binti yake wa miaka 11 amesimama kando ya mizani, akasema: "Shikamoo mjomba. Tafadhali badilisheni pande."