Tarishi na Karani Katika Kundi Moja la Baisikeli

Katika mkutano wa wanachama uliopita lilitolewa shauri ambalo wengi walilipokea kwa makofi, nasi tulinyamaza. Na kwa kuwa kunyamaza kwetu kumetusumbua tangu siku ile, twaomba nafasi katika gazeti hili ili tuyaseme sasa yale yaliyotupasa kusemwa pale. Shauri lenyewe ni hili: ya kuwa kundi letu la waendesha baisikeli, ambalo hutoka Tanga mjini kila Jumapili alfajiri kwa njia ya Pongwe, litambuliwe na Chama kwa kanuni, lipewe fedha kidogo katika hazina, na watakaoruhusiwa kuingia wawe makarani na walio juu yao peke yao. Matarishi, madereva na wafagiaji, ati, wana mambo yao.

Wako wanachama wasioijua furaha iliyomo katika jambo hili, nao hutuuliza kwa nini mtu aliyechoka kwa kazi ya juma zima aamke saa kumi ya usiku siku ya mapumziko, akajitoe jasho bila ujira. Twawajibu hivi. Mtu aliyekaa siku tano mbele ya majalada, ambaye macho yake hayakuona ila karatasi na mgongo wake umepinda, akitoka mjini kabla ya jua, akausikia mnyororo uliotiwa mafuta vizuri ukizunguka bila kelele, na upepo wa bahari ukimsukuma mgongoni, huona kana kwamba amerudishiwa mwili wake. Hupita mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari kama hesabu katika daftari. Huamkiana na akina mama waendao sokoni. Na jua likitoka humkuta mbali na kwake, kwa nguvu za miguu yake mwenyewe. Tena kuna mazungumzo ya njiani. Yuko miongoni mwetu ajuaye hesabu ya meno ya gia ya kila mwenziwe, na yuko ambaye tangu Januari hata Desemba hana habari ila za tairi. Hao nao twawapenda.

Walakini kwenda ni rahisi. Kurudi ndiko kwenye kazi, hasa wakati wa kusi, maana upepo ule uliotusukuma hutukabili usoni. Hapo ndipo ijulikanapo siri ya kwenda kwa kundi. Atanguliaye hupasua upepo, na wamfuatao kwa karibu, gurudumu nyuma ya gurudumu, huokoa yapata robo ya nguvu zao, na pengine theluthi. Kwa hiyo iko adabu ishikwayo na waendesha baisikeli wa nchi zote: kila mmoja hukaa mbele kwa zamu yake, kisha hujitoa kando na kurudi nyuma kupumzika. Yule akaaye nyuma siku zote, akangoja mwisho wa safari ili awapite wenziwe kwa nguvu alizoziweka, sisi humwita mdoezi.

Sasa tuseme habari iliyotupata wenyewe. Mwaka jana tulikuwa tukirudi kutoka Muheza, upepo ukiwa mkali, nguvu zikatuishia kabisa. Wenzetu walikuwa wametangulia. Akatufikia mzee mmoja, tarishi wa ofisi yetu, ambaye kwa miaka mingi amepeleka barua kwa baisikeli nyeusi nzito yenye keria na kengele. Sisi tulikuwa juu ya baisikeli nyepesi yenye gia nyingi, tuliyoinunua kwa mkopo ambao hata leo haujakwisha. Akatutazama, akasema, "Bwana, kaa nyuma yangu, usiniache." Tukakaa nyuma yake. Alitukinga upepo hata Pongwe, wala hakudai zamu hata moja, na tulipomwambia, "Mzee, pumzika, nasi twende mbele kidogo," alijibu, "Leo huna kitu, mwanangu. Siku nyingine utanikinga mimi."

Kesho yake Jumatatu alikuja mezani petu na kitabu cha kutilia sahihi, akasimama mlangoni mpaka tulipomaliza kusema na simu. Akatuita Bwana, kama ilivyo desturi. Tukatia sahihi, tukamrudishia kitabu, wala hatukutaja neno la jana mbele ya wenzetu. Tangu siku ile mzee huyo hutoka nasi Jumapili nyingi. Shauri lililopigiwa makofi litamwondoa, na sisi tuliokuwa nyuma ya mgongo wake tulikaa kimya mkutanoni. Hiyo ndiyo sababu ya kuandika.

Wanaosema kwamba mchezo huu ni wa waungwana, na kwamba watu wa kazi za chini hawana mahali ndani yake, hawaijui historia yake. Katika mashindano makubwa ya barabarani kila mkubwa wa kikosi ana wenziwe wamchukuliao maji, wamkingao upepo, na wampao gurudumu lao likiharibika lake. Wafaransa huwaita kwa neno ambalo maana yake ni mtumishi wa nyumbani. Katika Tour de France ya mwaka 1934 kijana René Vietto, mwenye umri wa miaka 20, alimpa mkubwa wake Antonin Magne gurudumu lake la mbele katika milima ya Pyrenees, akabaki ameketi ukutani akilia huku wengine wakimpita. Na siku iliyofuata alirudi nyuma kumsaidia tena. Magne alishinda mashindano yale. Lakini picha ambayo watu waliiweka moyoni ni ya yule aliyeketi ukutani. Nasi pia, toka mkurugenzi hata mfagiaji, jina letu ni watumishi. Sijui ni nani miongoni mwetu aliyepewa ruhusa ya kulionea haya.

Tutazame pia mashindano ya uwanjani, katika ule mviringo wenye kuta zilizoinama, ambamo baisikeli hazina breki wala gia za kubadili. Yako mashindano ya vikosi vya watu wanne kwa kilometa 4, nao hupokezana zamu ya mbele kila baada ya mzunguko mmoja au zaidi kidogo. Saa haisimamishwi apitapo wa kwanza, bali apitapo wa tatu. Kikosi chenye mtu mmoja hodari na watatu walioachwa nyuma hakishindi kitu. Chama chetu kingepimwa kwa saa ya namna hiyo, twadhani kingeona aibu.

Ama juu ya kufunga mlango kwa kanuni, jambo hilo limekwisha jaribiwa na wengine. Mwaka 1894 chama kikubwa cha waendesha baisikeli wa Marekani kilipitisha kanuni kwamba wanachama wawe Wazungu tu. Wakati huo alikuwako kijana mweusi, Marshall Taylor, aliyezaliwa Indianapolis mwaka 1878, aliyeanza kwa kufanya kazi katika maduka ya baisikeli. Watu walimwita Major Taylor. Mwaka 1899, mjini Montreal, alishinda ubingwa wa dunia wa mbio za maili moja. Chama kile kilikuwa na fedha na majina makubwa. Mwenye mbio alikuwa nje ya mlango. Ilipita zaidi ya miaka mia hata kanuni ile ikaja kukanushwa rasmi, mwaka 1999, naye Taylor alikuwa amekwisha kufa maskini mjini Chicago tangu mwaka 1932. Hatusemi kwamba shauri letu ni ovu kama lile. Twasema kwamba kanuni ya namna hii huandikwa kwa dakika moja, na kufutwa kwake huwangoja wajukuu.

Kwa upande wa pili, tazameni mlango uliokuwa wazi. David Kinjah wa Kenya aliwafundisha vijana wa Kikuyu, karibu na Nairobi, kuendesha na kutengeneza baisikeli nyumbani kwake. Miongoni mwa waliomwendea alikuwamo mtoto wa Kizungu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, Chris Froome. Hakufukuzwa kwa kuwa hafanani na wenziwe. Alitoka nao na kujifunza kwao. Mtoto huyo alishinda Tour de France mara nne, miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017. Naye Biniam Girmay wa Asmara, katika nchi ambayo baisikeli ni ya kila mtu mjini, alishinda siku tatu za Tour de France mwaka 2024 na kuivaa fulana ya kijani hata mwisho. Hapana Mwafrika mweusi aliyepata kushinda siku hata moja kabla yake. Na Septemba 2025, mashindano ya dunia ya barabarani yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika, vilima vya mji ule vilijaa watu, na hakuna aliyeulizwa daraja lake la mshahara ili apige makofi.

Wako wenye hoja, nao wanastahili jibu. Wa kwanza husema: tarishi akizoea kumpita karani Jumapili, Jumatatu hatamtii. Tumekwisha eleza yaliyotokea kwetu Jumatatu. Mzee hakupunguza adabu hata chembe; aliyepungukiwa alikuwa ameketi kitini. Wa pili husema: baisikeli nzito zitalichelewesha kundi. Huenda ikawa kweli kwa wengine. Basi na yawe makundi mawili, la polepole litangulie nusu saa, wakutane Pongwe wanywe chai pamoja. Na karani mwenye miguu mizito asione haya kwenda na lile la kwanza. Wa tatu husema: hazina ni ya wanachama, na asiyetoa ada hana haki ya kuifaidi. Hoja hii ina uzito, wala hatuipuuzi. Twashauri fedha za Chama zinunue vitu vya kundi zima tu, yaani pampu, viraka, sanduku la dawa na kofia ngumu chache za kuazimana; na kila aingiaye, awe nani, atoe ada ndogo sawasawa na wengine. Mtu apewe nafasi ya kutoa kabla ya kulaumiwa kwamba hatoi.

Tena na tujisahihishe wenyewe tupendao baisikeli. Ni kweli kwamba baadhi yetu huicheka baisikeli yenye keria. Huenda watatu watatu barabarani hata magari yakose njia. Hupita pasipo salamu mtu aliyepata pancha. Mwenye kufanya hayo hata akinunua baisikeli ya thamani ya gari hajawa mwendesha baisikeli. Kanuni ikihitajika, na iandikwe juu ya mambo haya: kila mmoja atashika zamu yake mbele, hapana atakayeachwa njiani na pancha, na taa ziwashwe kabla ya mapambazuko.

Kwa hiyo twamwomba Mwenye kiti na Halmashauri walirudishe shauri hili katika mkutano ujao kabla halijaandikwa kitabuni, na maneno "makarani na walio juu yao peke yao" yaondolewe. Safari hii tutasimama na kusema, hata tukiwa peke yetu. Nasi kabla ya siku hiyo tuna deni jingine. Jumatatu ijayo mzee atakapofika mlangoni na kitabu chake, tutaondoka kitini, tumpe mkono mbele ya ofisi nzima, tumwulize kama Jumapili atatoka. Na upepo ukiwa mkali, zamu ya mbele itakuwa yetu.

Hayo ndiyo maoni yetu. Mwenye mengine na ayalete katika gazeti hili, nasi tutayasoma kwa heshima.