Mtoto wa Askari Asingoje

Twasikia katika makambi na mitaa neno hili: "Mtoto angoje, baba yake arudi toka vitani, ndipo aandikwe." Wakubwa wa ukoo ndio wasemao, na mama mwenye mtoto mchanga mgongoni aogopa kubishana nao. Sisi twalikataa.

Je, homa yamngoja baba? Sheria ya jamaa ya Kongo, iliyotengenezwa upya mwaka 2016, yataka mtoto aandikwe katika siku 90, bila malipo. Mama aweza kwenda mwenyewe. Siku hizo zikipita, ni lazima kufika mbele ya hakimu: safari na gharama. Na nani ajuaye siku ya askari kurudi? Wengine hawarudi. Hapo mjane ataulizwa hati ya mtoto, na wale waliosema "ngoja" watanyamaza.

Enyi baba wakubwa na mashangazi, heshima ya baba haipungui hata kidogo: jina lake laweza kuandikwa katika hati ile ile. Basi, acheni kumzuia mama huyu. Mmoja wenu amsindikize ofisini kesho.